Mwalimu Aendaye Nchi ya Dhahabu: Gharama na Maandalizi

Kila mwaka vijana wetu wa Kiislamu wanaohitimu katika vyuo vya ualimu hupokea barua za kupangiwa vituo vya kazi, na wengi wao hupangiwa mahali ambapo hawajapata kufika wala hawana jamaa. Habari hiyo huleta furaha kubwa nyumbani. Mama hupiga vigelegele, majirani huja kutoa pongezi, na baba huanza kuhesabu ni lini mwana ataanza kuwasomesha wadogo zake. Lakini ni wachache waketio pamoja na kijana huyo, wakashika karatasi na kalamu, wakamwuliza: Utakula nini kabla ya mshahara wa kwanza? Utalala wapi? Na ukiugua, ni nani atakayekuuguza?

Sisi tulio mke na mume, wote wawili watoto wa Tanga, tumeishi Nyarugusu katika Mkoa wa Geita, mume akiwa mwalimu wa shule. Twaona ni wajibu kuwaeleza ndugu zetu wasomaji yale tuliyoyaona huko, ili mzazi ajue namna ya kumwandaa mwanawe, na kijana naye ajue namna ya kujiandaa mwenyewe.

Zamani, mwalimu aliyetoka nchi za mbali kuja kufundisha Afrika ya Mashariki alitayarishwa kwanza. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango wa kuleta walimu kutoka Marekani, uliosimamiwa na Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walimu hao waligawanywa Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengi wao walipitia Makerere, Kampala, wakafundishwa habari za nchi kabla ya kuingia darasani. Kwao Tanganyika ilikuwa ng'ambo ya bahari. Lakini kijana wa Pangani au wa Kilwa apelekwaye Geita leo, naye huingia katika nchi ngeni kwake: chakula ni kingine, lugha ya sokoni ni nyingine, na bei za vitu zina desturi yake. Tofauti ni kwamba yeye hupewa barua tu. Matayarisho mengine ni juu yake na juu ya nyumba aliyotoka.

KUIJUA NYARUGUSU

Jambo la kwanza ni kujua mahali uendapo. Nchini mwetu kuna Nyarugusu mbili zijulikanazo sana. Moja iko Kasulu, Mkoa wa Kigoma, na huko ndiko iliko kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996. Ya pili ndiyo hii yetu ya Geita, nchi ya machimbo ya dhahabu. Ndugu zetu wawili watatu, waliposikia jina hilo, walituhurumia wakidhani twaenda kambini. Anayetuma mzigo au anayekata tiketi na aseme wazi: Nyarugusu ya Geita.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Dhahabu ya nchi hii haikuanza jana. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa siku hizi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini Nyarugusu ni mji wa wachimbaji wadogo. Hao huchimba maduara kwa mikono, husaga mawe kwa karasha, na huosha unga wake katika mialo. Maisha yote ya mji huufuata mkondo huo. Duara likitema, mji mzima huwa na fedha; likinyamaza, hata mwuza vitumbua huona.

Njia yenyewe siku hizi ni nyepesi kuliko zamani. Zamani msafiri atokaye Mwanza kwenda Geita alilazimika kungoja kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2025 limefunguliwa daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, na gari huvuka kwa dakika chache.

HESABU YA MSHAHARA

Kijana wengi husoma katika barua kiasi cha mshahara, akadhani kiasi hicho chote kitaingia mkononi mwake. Hapo ndipo aibu huanzia, kwa kuwa huahidi wazazi na ndugu fedha ambazo hataziona. Hebu tupige hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, mwalimu mwenye shahada ambaye mshahara wake ni shilingi 800,000 kwa mwezi.

Mchango wake wa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ni asilimia 5, yaani shilingi 40,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani shilingi 24,000. Akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu, hukatwa asilimia 2, yaani shilingi 16,000. Ikiwa alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15, kama ilivyowekwa na sheria mwaka 2016, yaani shilingi 120,000. Jumla ya hayo ni shilingi 200,000. Bado kodi ya mapato. Kodi hiyo hupigwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, na kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2021, kodi ya shilingi 760,000 zilizobaki ni shilingi 68,000. Basi fedha ifikayo mkononi ni shilingi 532,000. Robo ya mshahara na zaidi imekwenda kabla mwalimu hajanunua hata kibiriti.

Hatusemi haya kwa kulalamika. Pensheni ni akiba ya uzee, bima ni kinga ya ugonjwa, na deni la masomo ni deni. Mwislamu hulipa deni lake. Twasema ili mzazi asimwandikie mwanawe orodha ya mahitaji kwa kutazama shilingi 800,000, hali yeye anaishi kwa 532,000.

MIEZI YA KWANZA, NA MTEGO WA RIBA

Mshahara wa kwanza haufiki siku ile mwalimu afikapo. Jina lake halina budi kuingizwa katika orodha ya malipo, vyeti vyake vihakikiwe, na namba yake ya kitambulisho cha taifa na ya akaunti ya benki ziwe sawasawa bila kupishana hata herufi. Mwajiriwa mpya ana haki ya fedha za kujikimu, na aziulize kwa adabu na kwa maandishi. Lakini asitegemee kwamba zitakuwa mezani zikimngoja. Kwa hiyo miezi ya kwanza ni miezi ya kuishi kwa ulichokuja nacho.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika miji yenye fedha za haraka wapo watu wakopeshao kwa riba nzito, na wananchi wamewapa jina linalowafaa: kausha damu. Mwalimu mgeni ni windo lao jema, kwa kuwa mshahara wake hauna budi kuja. Humwambia: chukua shilingi 200,000 leo, urudishe 260,000 mwisho wa mwezi, nawe uniachie kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Tazama sasa matokeo yake. Mwalimu wetu wa shilingi 532,000 akilipa 260,000, hubakiwa na 272,000. Hizo hazimfikishi mwisho wa mwezi, basi hurudi kukopa tena. Mwezi wa tatu huwa hafanyi kazi ya Serikali tena, bali kazi ya mkopeshaji.

Tumemwona kijana mmoja mwema, mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani, aliyekaa karibu mwaka mzima bila kuishika kadi yake mwenyewe. Siku ya mshahara ilikuwa kwake siku ya huzuni. Alikuwa akija kwetu jioni kwa kisingizio cha kuazima kitabu, nasi tulikuwa tukijua kwamba amekuja kwa ajili ya chakula. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na ipo kanuni ya zamani kwamba makato ya mtumishi yasimwache na pungufu ya theluthi ya mshahara wake. Lakini anayetoa kadi yake na namba ya siri ameirukia kinga hiyo kwa hiari yake. Na juu ya sheria za nchi, Mwislamu ana sheria ya Mola wake, nayo imeharimisha riba kwa mlaji na kumwonya mtoaji.

Tuulizane basi: kosa ni la kijana huyo peke yake? Sisi twaona hapana. Kwao ilifanyika karamu ya kumwaga, watu wakala pilau, wakamwombea dua, wakamwacha apande basi na nauli na shilingi chache. Jamii yetu inajua sana kuchanga. Ikitajwa harusi, kamati huundwa, daftari hufunguliwa, ahadi huandikwa, na mamilioni hupatikana kwa ajili ya shughuli ya siku moja. Kwa nini daftari hilo lisifunguliwe kwa kijana aendaye kuanza maisha, angalau kwa njia ya mkopo mwema usio na nyongeza?

Sisi tulifanyiwa wema huo, na twawashukuru jamaa zetu. Wajomba na shangazi walikutana, wakatukopesha shilingi 900,000 bila ziada yoyote, ikaandikwa na mashahidi wakawekwa, kama dini yetu inavyotufundisha. Mshahara ulipotulia tuliwarudishia shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi 9. Hakuna aliyepata faida, wala hakuna aliyepata hasara, nasi hatukumjua kausha damu.

NYUMBA NA SOKO

Kodi ya nyumba katika mji wa machimbo haifuati ubora wa nyumba, bali hufuata habari za dhahabu. Yakisikika maduara mapya, wageni huja kwa wingi, na chumba cha bati na sakafu ya udongo hupanda bei kwa usiku mmoja. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Kwa hiyo mwalimu na aulize kwanza kama shule ina nyumba ya mwalimu. Ikiwa hakuna, akae kwa mwenyeji siku chache na atafute nyumba polepole, upande wa wakulima, mbali na barabara ya maduka na vilabu vya pombe. Tena aandikiane mkataba na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ili kodi isije ikapandishwa kabla ya muda wake.

Sokoni vivyo hivyo. Mchimbaji aliyeuza dhahabu yake haulizi bei mara mbili, na mwalimu asimamaye nyuma yake hulazimika kulipa bei ileile. Dawa yake ni kutonunua kila siku kwa vipimo vidogo. Nunua gunia la mahindi na la mpunga wakati wa mavuno, na ukaushe vizuri kabla ya kuweka ghalani. Dagaa na samaki wa Ziwa ni kitoweo chema. Jifunzeni pia kula michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtoto wetu alivizoea kabla yetu. Maji hununuliwa kwa dumu pale bomba lisipofika. Basi pipa la kukingia mvua ni mali kubwa kuliko kabati la vyombo.

Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya lazima katika mzigo wa safari: vyandarua vyenye dawa, kwa kuwa Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, nakala za vyeti vyote zilizothibitishwa, pamoja na cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, maana bila hivyo hawataandikishwa katika bima, taa ya mwanga wa jua, sufuria imara na jiko, viatu vya kufunika mguu kwa siku za matope, na misahafu na vitabu vya watoto. Viti, vitanda na makabati yaachwe nyumbani. Mafundi wako kila mahali, na gharama ya kusafirisha kitanda kutoka Tanga ingetosha kuchonga kingine.

ZEBAKI

Ndugu wasomaji, jambo hili twawaomba mlisome mara mbili, hasa akina mama. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Huichanganya na unga wa mawe uliooshwa, ikashikana na chembe za dhahabu na kuwa donge. Kisha donge huchomwa motoni, zebaki ikatoka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna harufu wala rangi. Huingia kwa pumzi, nao hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono na kusahau. Mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga hudhurika zaidi kuliko mtu mzima.

Dunia iliijua sumu hii kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Mkataba wa dunia wa kuipunguza, uliofanywa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo. Jirani kabisa na Nyarugusu, kijijini Rwamagasa, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikuja katika miaka ya 2000 kupima zebaki na kuwafundisha wachimbaji kuchoma donge ndani ya chombo kilichofungwa, ili mvuke urudi kuwa zebaki na kutumika tena.

Kwa hiyo mume alitangulia peke yake muhula mmoja, na mke akabaki Tanga na mtoto mchanga. Muhula huo haukuwa mwepesi. Wapo waliosema kwamba mke aliyeachwa nyumbani ni mke aliyetupwa. Wapo waliosema kwamba mume aendaye peke yake machimboni hurudi na mke wa pili. Tulinyamaza. Nyumba ya kwanza iliyopatikana ilikuwa nzuri na rahisi, lakini jirani alikuwa akichoma madonge uani kwake kila jioni, juu ya jiko lilelile la kupikia. Mume alitafuta nyingine, ndogo zaidi na ya mbali, akatulipia sote mwendo wa kila siku kwa miguu. Ndipo tukaungana. Twamwambia kila mwalimu mwenye familia: kabla ya kutazama dirisha na mlango, tazama nini kinachochomwa kwa jirani. Tena mchunge mtoto asiende kwenye mashimo yaliyoachwa wazi, ambayo wakati wa mvua hujaa maji, wala asikae penye vumbi la karasha.

DHAHABU NA DARASA

Majaribu ya mwisho ni ya dhahabu yenyewe. Mwalimu hupokea mshahara mara moja kwa mwezi, lakini hupita njiani na kumsikia kijana asiyejua kusoma akisimulia kwamba jana ameuza kwa mamilioni. Huambiwa: weka shilingi laki mbili katika duara letu, utapata fungu lako likitema. Kushirikiana katika kazi ya halali hakukukatazwa. Lakini anayeweka fedha na ajue kwamba maduara mengi hayatemi, na asiweke fedha ya kula, wala fedha ya watu. Na aliyepata, akafikisha nisabu ya gramu 85 za dhahabu na mwaka ukapita juu yake, zaka yake ni asilimia 2.5, asiisahau kwa furaha.

Dhahabu hiyohiyo huwavuta wanafunzi. Siku ya habari njema machimboni, madawati huwa matupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wafanyao kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu, Geita ikiwamo, wakibeba mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto. Lakini sheria haiwezi kumfuata mtoto mmoja mmoja mwaloni. Anayeweza ni mwalimu amjuaye kwa jina, ajuaye kwamba baba yake amekwenda machimbo mengine na mama yake ana wadogo watatu wa kulisha.

Ndiyo sababu matayarisho haya si jambo dogo. Mwalimu mwenye deni la riba huwaza deni, hawazi watoto. Mwalimu asiye na nyumba huomba uhamisho kabla mwaka haujaisha, na darasa lake hubaki bila mtu. Lakini aliyekuja na akiba ya miezi mitatu, aliyejifunza kusema "mwangaluka" kwa wazee Wasukuma asubuhi, aliyejulikana msikitini tangu Ijumaa ya kwanza, huyo hukaa. Na akikaa, watoto hukaa pamoja naye.

Basi wazazi, barua ya kazi ikifika nyumbani kwenu, furahini na mshukuru. Kisha fungueni daftari. Andikeni nauli, kodi ya miezi sita, chakula cha miezi mitatu, dawa na vyandarua; na kila jamaa aandike awezacho, kiwe zawadi au mkopo mwema. Nanyi vijana, msione haya kusema mahitaji yenu kabla ya safari, kwani ni heri kuomba kwa mjomba kuliko kukopa kwa kausha damu. Mwenyezi Mungu awajaalie walimu wetu, popote walipo, riziki ya halali, afya njema na subira katika kazi yao. Amin.